Vikombe Sita Visivyo na Mhuri

Sehemu ya Tisa

Haya, tuliishia pabaya. Bi Jicho yuko nyuma ya kaunta ya nyumba ya mnada, kikombe amekigeuza juu chini kiganjani, na jasho linamtiririka mgongoni wakati feni inazunguka palepale juu ya kichwa chake.

Kwa aliyepitwa na gazeti, nakupa kwa ufupi, halafu usinisumbue tena. Bi Jicho ni mthamini wa vyombo vya kale vya chai. Jina hilo kapewa na mji, kwa vile akikitazama kikombe mara moja anakuambia umri wake, kilikotoka na bei yake. Miaka miwili iliyopita mama yake alimwita nyumbani athamini vikombe sita vya kauri na visahani vyake, zawadi ya harusi ya mama huyo. Bi Jicho akavigeuza kimoja kimoja. Visahani vilikuwa na mhuri wa karakana, vikombe havikuwa nao. Akatangaza mbele ya ukoo mzima kwamba visahani ni vya kweli na vikombe ni bandia. Maana yake kuna mkono umebadilisha.

Ufunguo wa kabati ulikuwa kwa mtu mmoja tu, wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimwogesha mama na kumlisha. Siku ileile wifi aliitwa mwizi na kutolewa nje pamoja na begi lake. Ndoa ikavunjika. Na Jumamosi hii, keshokutwa, kaka mtu anaoa mwingine.

Sasa asubuhi hii fundi saa mmoja mstaafu kaleta boksi la mbao, la upande wa marehemu mkewe, halijawahi kufunguliwa. Kamba yake ilikuwa bado na lakiri ya duka. Mwenye mnada mwenyewe ndiye aliyeikata kwa mkasi, watu wanaona. Ndani ya majani makavu mkawa na vikombe sita na visahani sita. Ndege mwekundu yuleyule, majani ya buluu yaleyale, ukingo uleule wa dhahabu kama vya mama.

Visahani vina mhuri. Vikombe havina.

"Binti yangu," fundi saa aliuliza kwa upole, "mbona kimya? Ni bandia?"

Bi Jicho alikishika kikombe kile mbele ya taa, akaona kivuli cha vidole vyake kikipita kwenye kauri. Akaugonga ukingo kwa ukucha, ukatoa mlio mwembamba uliochukua muda kufa. Kisha akafanya kitu ambacho kwa mama yake hakukifanya. Alivuta lenzi, akamtazama ndege wa kwenye kikombe, akamtazama ndege wa kwenye kisahani. Mkia wa kila mmoja ulimaliziwa kwa mkwaruzo mfupi wa brashi ulioinama kushoto. Mkono mmoja, mchoraji mmoja.

Karakana ile haikuwa ikipiga mhuri kwenye vikombe. Basi. Ilipiga kwenye visahani tu, na mtu yeyote mwenye lenzi na dakika tano za subira angeligundua hilo kwa kutazama michoro. Yeye alikuwa na lenzi. Dakika tano ndizo alizozikosa, maana siku ile kulikuwa na watu wanamtazama, na mhuri ulikuwa umeshampa jibu la haraka na la kupendeza.

Nisiwafiche, alitamani ardhi ipasuke immeze hapohapo, na kaunta yake na feni yake. Lakini ardhi huwa haisikii watu wa namna hiyo.

"Ni vya kweli," alisema. "Vyote kumi na viwili."

Fundi saa akaketi kwenye kiti bila kuambiwa. Wateja wawili wakapiga makofi. Mwenye mnada alimsogelea mthamini wake taratibu, akiwa bado na mkasi mkononi, akamvuta hadi penye rafu ya birika.

Alimkumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba kuna karatasi imebandikwa ukutani mwa stoo kwa mwandiko wake yeye Bi Jicho, na wafanyakazi wote wameikariri: kikombe kisicho na mhuri hakiuzwi na kisahani chenye mhuri. Wamerudisha wateja kwa karatasi ile. Na si alisema hata kwa mama yake mzazi aliitumia?

"Niliitumia," alisema Bi Jicho.

"Kwa hiyo vya mama?"

"Vilikuwa vya kweli."

Mwenye mnada ni mtu wa biashara, lakini ana moyo. Akasema jambo lililomkata Bi Jicho maini kuliko matusi: kwamba hakuna haja ya kulikuza, wataibandua ile karatasi kimyakimya, na mambo ya nyumbani yabaki nyumbani, kwani nani atajua?

Msomaji, hapo ndipo ilipokuwa njia ya kutokea, pana, ina kivuli. Na Bi Jicho aliitazama, tusimtie utakatifu asionao. Alifikiria kazi yake. Alifikiria jina lake. Alifikiria kwamba wifi huenda ameshasahau, watu husahau. Akashikwa na aibu juu ya aibu kwa kuwaza hivyo, akavua aproni na kuomba ruhusa.

Kabla ya kutoka alipita stoo, akaibandua karatasi ile, akaikunja na kuitia kwenye mkoba.

*

Wifi alikuwa kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja ya wageni, mtaa wa nyuma. Mvuke, harufu ya wanga, mashuka yamerundikwa hadi kifuani. Alikuwa akipiga pasi foronya, anaikunja mara tatu, anaiweka, anachukua nyingine. Alipomwona Bi Jicho mlangoni hakusimamisha pasi.

"Wifi," alisema Bi Jicho.

"Wifi yako nani?"

Bi Jicho alikuwa amejipangia maneno njia nzima. Yote yakamtoka kichwani. Akabaki kushika mkoba kwa mikono miwili, anaeleza mambo ya mhuri, ya mkia wa ndege, ya boksi lenye lakiri, haraka haraka, hadi akajisikia mwenyewe na kukoma. Alikuwa anatoa somo tena, kama siku ile.

"Sema kwa kifupi," alisema wifi. "Nina mashuka sitini."

"Hukuiba. Hakuna kilichoibiwa. Mimi ndiye niliyekosea."

Pasi ilisimama. Ilisimama muda mrefu mpaka foronya ikaanza kutoa harufu ya kuungua, na wifi akaiinua, akaitazama ile alama ya hudhurungi iliyobaki kwenye kitambaa.

"Hii watanikata kwenye mshahara," alisema.

Bi Jicho akafungua mkoba alipie. Wifi akamwambia aufunge. Kisha akaanza kuongea, sauti tambarare, bila chozi hata moja. Alisema baada ya kutolewa alipata kazi ya vyombo kwenye mgahawa, na siku ya tatu mtu mmoja akawaambia yeye ni nani, akaachishwa. Akapata ya kulea mtoto, ikawa vilevile. Hapa kwenye mashuka amedumu, lakini kila jioni begi lake hukaguliwa mlangoni, la kwake peke yake, wenzake wakipita.

Bi Jicho alisikiliza ameinamisha kichwa. Alikuwa akijua wifi anafanya kazi mahali fulani. Hakuwahi kuuliza wapi. Amejua leo asubuhi tu, kwa kumuuliza shemeji wa jirani, na hata huko aliuliza kwa kunong'ona.

"Naomba radhi," alisema.

"Siku ile mlikuwa watu wangapi sebuleni?"

Hakumbuki, alijibu.

"Ishirini na saba. Niliwahesabu, kwa sababu sikuwa na pa kuweka macho. Leo unaniomba radhi tuko wawili na pasi."

Bi Jicho alisimama tu, mvuke ukimlowesha uso, na walahi ilikuwa nafuu, maana haikujulikana lipi jasho na lipi chozi. Mwisho akasema kwamba leo saa kumi kaka yake anawaleta wazee wa upande wa mchumba nyumbani kwa mama, kukamilisha maneno ya Jumamosi. Angependa amwambie mama kwanza, peke yake, mama ni mgonjwa. Halafu atasema mbele ya wote watakaokuwepo. Kama wifi atakubali kuja.

Wifi alikunja foronya iliyoungua, akaiweka kando. Alifikiri.

"Nitakuja," alisema. "Lakini kizingiti cha nyumba ile sikivuki mpaka aniite mama mwenyewe, aliyenitoa. Nitakaa nje."

*

Walifika saa tisa na nusu. Wifi akaketi kwenye benchi la ukumbi wa nje, chini ya dirisha la sebule, mikono mapajani. Dirisha lilikuwa wazi, pazia limefungwa fundo kwa ajili ya hewa. Bi Jicho akaingia peke yake.

Mama alikuwa kwenye kiti chake kirefu, blanketi miguuni, anakunywa chai. Chai ilikuwa kwenye kikombe kimoja kati ya vile sita. Ukoo mzima ulikuwa umeshazoea hilo na kulicheka: vikombe vikishaitwa bandia, mama akavitoa kabatini na kuanza kuvitumia, na hamruhusu mtu mwingine kuviosha.

Bi Jicho alipiga magoti, akamsalimia, akaomba akione kikombe. Alikipeleka kwenye mwanga, akavuta lenzi. Mkia wa ndege, mkwaruzo mfupi, umeinama kushoto. Alijua atauona, lakini ulipotokea kweli alifuta lenzi na kuutazama tena.

"Unatafuta nini tena humo?" aliuliza mama.

Akamweleza. Safari hii kwa kifupi, alishafundishwa. Vikombe ni vya kweli. Havikubadilishwa. Mke wa kaka alionewa, na aliyemwonea ni mimi, mama, mimi na lenzi yangu.

Alisubiri mama ashtuke. Aliogopa hata presha impande, alikuwa ameshapima kwa macho umbali wa dawa na glasi ya maji.

Mama alinyoosha mkono, akachukua kikombe chake, akanywa funda moja.

"Najua," alisema.

Bi Jicho hakuelewa. Akafikiri mama hakusikia vizuri, akaanza upya, na mama akamnyamazisha kwa kidole.

"Vikombe hivi nimeviosha miaka arobaini na miwili. Siku ya harusi yangu havikuwa na mhuri. Siku nilipokuzaa havikuwa na mhuri. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza."

Chumba kizima kilimzunguka Bi Jicho. Aliuliza, na sauti ilikuwa ya mtoto, kwa nini basi mama alinyamaza.

Mama alieleza polepole, anapumzika kila sentensi mbili. Alisema siku ile binti yake alikuwa amesimama katikati ya sebule, lenzi shingoni, anaongea vizuri, na shangazi zake wamekodoa macho. Shangazi haohao waliowahi kumcheka mama kwa kuuza cherehani ili amsomeshe binti kazi ya kutazama vikombe. Alikuwa amengoja siku ile miaka mingi. Angefungua mdomo vipi, mbele yao, aseme binti yangu hajui kazi yake?

"Na wifi je?" Bi Jicho aliuliza.

"Nilidhani ni ya siku mbili. Watapoa, nitamwita. Siku mbili zikawa wiki. Kila siku nikitaka kusema, naona itabidi nieleze pia kwa nini sikusema jana."

Wasomaji wangu, kuna aibu ya kukosea, na hiyo Bi Jicho alikuwa ameibeba tangu asubuhi. Hii ilikuwa nyingine. Mtu ametupwa nje ya nyumba ili yeye aendelee kuonekana mjuzi, na mama yake ndiye aliyelipa bei hiyo kwa mapenzi. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja. Alikumbuka jinsi alivyoifurahia siku ile. Alikumbuka kwamba usiku wake alilala vizuri.

Na dirisha lilikuwa wazi. Wifi alikuwa pale chini, mita moja, anasikia kila neno.

Mama alimshika mkono. Alimwomba aape kwamba hili litaishia hapa. Kijana anaoa keshokutwa, wakwe wako njiani, kuna faida gani kulifukua sasa? Wifi watamtafutia kitu kidogo, watamtumia. "Nife na heshima yako mkononi, mwanangu. Ni hiyo tu ninayoomba."

Bi Jicho alitazama pazia lile lililofungwa fundo. Mkono wake, siwaongopei, ulinyanyuka. Ulinyanyuka kwenda kulifunga dirisha. Ulifika nusu ya njia, akauona, akaurudisha na kuukalia kama mtu anayemzuia mtoto mtundu.

"Mama," alisema, "yarudie hayo. Kwa sauti."

Mama alimkazia macho. Kisha akayageuzia dirishani. Hakuwa mjinga hata siku moja, mama huyu.

"Nani yuko nje?"

"Ni yeye."

Chai ilitulia kikombeni. Uso ule wa bibi mzima ulishuka, mashavu yakalegea, na kwa mara ya kwanza Bi Jicho alimwona mama yake akikosa pa kuweka macho.

"Mwite," alisema mama mwishoni. Halafu akabadili, akajikaza, akaita mwenyewe, sauti ikikwaruza: "Ingia, mwanangu."

Wifi aliingia. Viatu alivua mlangoni, kama alivyozoea. Alikuja hadi mbele ya kiti kirefu, akainama.

"Shikamoo, mama."

Salamu hiyo haina jibu gumu, kila mtu hulijua tangu utoto. Mama alifungua mdomo mara mbili, halikutoka. Ndipo machozi yakamshuka, na wifi, ambaye pale kwenye mashuka hakutoa hata moja, akageuza uso ukutani.

Gari likapiga honi getini.

Mama alifuta macho kwa blanketi, akapata akili za haraka. Alimwomba wifi apite chumbani, dakika ishirini tu, wageni wanywe soda waondoke, halafu wataongea vizuri kama watu wa nyumba moja. Wifi hakusogea. Alimtazama Bi Jicho.

"Akae," alisema Bi Jicho.

"Mwanangu..."

"Akae hapo hapo alipo, mama."

Alikwenda kufungua mlango mwenyewe. Alitoa ile karatasi ya stoo kwenye mkoba, kwa kuogopa maneno yatamtoka kichwani tena, akaishika. Kaka yake aliingia wa kwanza, suti imenyooka, anacheka kitu alichoambiwa kwenye gari. Nyuma yake wazee watatu wa upande wa mchumba na shangazi wawili, wakubwa wa wale ishirini na saba.

"Karibuni," alisema Bi Jicho. "Kabla hamjakaa, nina neno. Miaka miwili iliyopita, humu humu, nilimwita mwizi mtu ambaye hakuiba. Vikombe vya mama ni vya kweli, vyote sita. Kosa lilikuwa langu."

Wazee walitazamana. Shangazi mmoja alishika kifua. Bi Jicho alingoja kaka yake amgeukie, amtukane, ampige kibao, lolote, alikuwa tayari.

Kaka hakumtazama yeye. Hakumtazama hata aliyekuwa mke wake, aliyesimama hatua tatu mbele yake na miguu mitupu. Kicheko kilikuwa kimemfia usoni. Alimtazama mama, akasema kwa sauti iliyosikika na kila mtu mle ndani:

"Mama, si tulikubaliana mimi na wewe kwamba hili halitatoka?"